Rangi Mbichi

Wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, duka la vitambaa la Hassanali mjini Korogwe huwa halina pa kukanyaga. Mwaka huo hali ilikuwa ileile. Akina mama walibanana kwenye kaunta, huyu anataka kaki, yule anataka bluu ya sketi, mwingine anataka nyeupe isiyoonyesha mwili. Nyuma ya kaunta alikuwa mtu mmoja tu, Zeeshan, mjukuu wa Hassanali, ambaye mji mzima ulimwita Zishani. Alipima kwa fimbo ya mita na kukata kwa mkasi mpaka kidole gumba kikaota lengelenge.

Katikati ya msukumano ule palikuwa na dada mmoja ambaye hakudai chochote. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa gauni la kitenge lililopauka mabegani, na kwenye kiwiko alikuwa na doa la rangi nyekundu ambalo sabuni ilikuwa imeshindwa. Macho yake yalikuwa juu ya rafu za vitenge, pale ilipotundikwa picha kubwa ya rangi ya mafuta. Watu walimpita kulia na kushoto. Zamu yake ilipofika, hakusikia akiitwa.

"Dada, picha haiuzwi," Zeeshan alimwambia. "Kinachouzwa ni kilicho chini yake."

"Nani kaichora?"

"Sema kwanza unataka kitambaa gani."

"Marekani nyeupe, mita sita. Nani kaichora?"

"Mita sita za marekani? Ya sanda? Mna msiba?"

"Nina mabango ya kuandika," dada akasema, akacheka kidogo. "Msiba utakuwepo usiponijibu."

Akina mama walicheka, na Zeeshan naye, ambaye alikuwa hajacheka tangu asubuhi, alicheka. Akamweleza huku akipima. Picha ilichorwa mwaka 1968 na mwalimu mmoja wa hapo Korogwe, Eliasi Shekiondo, kwa ombi la babu yake, ambaye kila Jumapili alipenda kwenda kukaa mtoni. Mwalimu alikuwa amekufa zamani, na aliyerithi mkono wake hakuwepo.

Dada yule aliitwa Efrazia. Alikuwa na miaka ishirini na minane na aliishi Handeni, mtaa wa Chanika, katika chumba ambacho nusu yake ilikuwa kitanda na nusu makopo ya rangi. Kazi yake ilikuwa kuandika na kuchora kwenye kuta za maduka: saluni, gereji, mabucha yenye vichwa vya ng'ombe. Herufi zake zilinyooka kuliko za mashine. Lakini alikuwa na donda moja moyoni. Kila alipoambiwa achore mandhari, milima yake ilitoka kama vyungu vilivyofudikizwa, na mto wake ulisimama wima kama ngazi. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Picha ile ilikuwa ya kwanza maishani mwake ambamo mtu angeweza kuingia na kutembea. Mto Pangani ulikuja kutoka kulia, maji ya rangi ya udongo. Ng'ambo yake reli na behewa moja, kisha mistari ya mkonge ikikimbilia mbali, na nyuma ya yote milima ya Usambara imebeba mawingu mazito ya mchana.

Alilipa, akafika mlangoni, akarudi. Alimwomba Zeeshan amruhusu aje siku moja moja kuiangalia na kuinakili. Zeeshan alimjibu kwamba Alhamisi duka huwa limelala. Baadaye, alipokuwa peke yake anakunja majora, alijiuliza kwa nini alikubali haraka vile. Jibu alilijua. Baba yake alikuwa marehemu, mama yake na dada yake Sanaa walihamia Dar es Salaam, na jamaa zake wengine waliokuwa na maduka kando ya lake waliondoka mmojammoja. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Alikuwa akila chakula cha mchana amesimama, kwa sababu kuketi mezani peke yake kulimwonyesha viti vilivyobaki.

Alhamisi ya kwanza Efrazia alikuja na fremu ya mbao aliyoipigilia mwenyewe, ameiwamba marekani na kuipaka rangi nyeupe ya ukutani mara tatu. Zeeshan aliitelemsha picha ya babu yake, akaisimamisha juu ya kiti, akampa kigoda nyuma ya kaunta na bunda la uzi. Uzi huo Efrazia aliufunga kwenye fremu nyingine tupu, ukapita wima na mlalo, akaiweka mbele ya picha. Picha ikagawanyika vyumba vidogovidogo. Akachora vyumba hivyohivyo kwenye kitambaa chake, kisha akaanza kuhamisha kilichomo, chumba baada ya chumba.

Alidhani kazi ingechukua mwezi. Mwezi uliisha kwenye mlima mmoja. Aliupaka bluu safi, ukakaa kama beseni la plastiki. Akaufuta, akapaka tena, beseni likarudi. Wiki iliyofuata hakugusa brashi. Alikaa saa tatu anaangalia tu. Ndipo alipoona kwamba Mwalimu Eliasi hakuweka bluu peke yake popote. Ndani yake mlikuwa na majivu, na tone la wekundu, na kila safu ya milima iliyokuwa mbali zaidi ilikuwa imefifia kuliko iliyoitangulia. Akatafuta rangi nyeusi picha nzima asiipate, hata chini ya behewa. Vivuli vyote vilikuwa vya zambarau na kijani kilichoiva. Akaona pia kwamba maji yalikuwa na giza kidogo kuliko mbingu iliyokuwa ikijiangalia ndani yake.

"Hebu njoo uone huyu mzee alivyonidanganya," alimwita Zeeshan. "Miezi miwili naamini maji ni meupe kuliko mawingu."

Zeeshan alikuja na chai ya maziwa yenye iliki, na kwa mzaha akailaza fimbo yake ya mita hewani mbele ya picha, akiifuatisha na mistari ya mkonge. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tano. Mzaha ukamwisha. Mistari yote ilikuwa inakutana kwenye nukta moja, chini ya mlima, palipokuwa na mti mdogo usiozidi punje ya mchele. Alikuwa ameishi na picha ile tangu utotoni na hakuwahi kuliona hilo. Walisimama wakiuangalia mti ule, mabega yao yakigusana, na hakuna aliyejitoa kwanza.

Tangu siku hiyo simu zilianza. Kila jioni Zeeshan alipofunga duka alimpigia kujua kama basi lilimfikisha salama, hata siku ambazo Efrazia hakusafiri kokote. Alimwagizia rangi za tyubu na mafuta ya kitani kutoka Dar. Efrazia alimtania kuwa Mhindi wa Korogwe anajua Kishambaa kuliko yeye mwenye Kizigua cha kuokota. Alimwambia habari za babu yake aliyekuja kutoka Songea kukata mkonge, akakata mpaka akafa, na za mama yake, Mama Emiliana, aliyekuwa Sindeni na shamba la mahindi.

Mawingu yalichukua Alhamisi tano. Ya tano, Zeeshan alivaa shati lake la samawati la kutokea, akaegemea kaunta.

"Efra, mawingu yakiisha utakuja tena?"

"Nitakuja kununua marekani."

"Sikuulizii marekani."

Efrazia hakugeuka. "Mwalimu Eliasi ameweka rangi nene hapa," alisema. "Mimi nimeweka nene mara mbili yake. Hujajiuliza kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Ili yasiishe haraka."

Nje, barazani, fundi cherehani Bi Zamda, aliyekuwa amekaa na mashine yake mbele ya duka hilo kwa miaka kumi na minane, alisikia kimya kilichofuata, akaongeza mwendo wa pedali ili kuwasitiri.

Nakala ilikamilika mwezi wa sita. Wiki hiyohiyo Sanaa alipiga simu kutoka Dar. Mama yao alikuwa anaumwa moyo, hatoki nje, na alikuwa anaitamani picha ya baba mkwe wake iwekwe mbele ya kitanda chake. Zeeshan alijibu kwamba ataituma. Alipoikata simu, aliiangalia picha, akaangalia kigoda. Efrazia alikuwa ameshasema angeinakili mara ya pili bila nyuzi, kwa jicho tu, kwa sababu ya kwanza ilikuwa ya kujifunza kushika na ya pili ingekuwa ya kujifunza kuachia. Picha ikiondoka, Alhamisi nazo zingeondoka. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Ukweli ni kwamba Efrazia angekuja hata kama ukutani pangebaki msumari, lakini mtu aliyezoea kuachwa haamini kwamba anafuatwa yeye.

Alimwomba Efrazia ampe nakala aiweke chumbani kwake. Efrazia alimpa kwa furaha, akamsihi asiifunike, rangi bado mbichi. Siku ya pili yake Zeeshan aliifunga kwa shuka, akaituma Dar kama ndiyo yenyewe.

Mama yake aliiangalia picha ile miezi miwili, na siku nyingine iliyafanya macho yake yalowe. Asubuhi moja ya mwezi wa nane akaona vumbi juu ya mawingu, akachukua kitambaa cheupe akapangusa. Kitambaa kikatoka na rangi.

Walifika Korogwe siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, bila kupiga simu. Sanaa alitangulia, suruali nyeusi, miwani ya jua imepandishwa kichwani. Mama yao alimfuata polepole, mtandio mweupe, mkono mmoja kifuani. Walimkuta Efrazia kwenye kigoda, picha halisi mbele yake, brashi mkononi. Sanaa aliiweka nakala juu ya kaunta, na kando yake kile kitambaa chenye doa.

"Ya kwetu naiona hapo," alisema. "Hii ni ya nani?"

"Ni yangu," Efrazia alijibu. "Niliichora hapahapa."

"Kwa hiyo ni wewe."

Efrazia alimwangalia Zeeshan. Wateja wawili waliokuwa wanachagua vitenge waliacha kuchagua. Barazani mashine ya Bi Zamda ilinyamaza. Zeeshan aliliangalia jora la kaki lililokuwa mbele yake kana kwamba limeandikwa kitu.

"Sanaa, tuongee ndani," alisema. Kisha, bila kuinua macho, "Efrazia, wewe nenda tu. Tutaongea."

Sanaa akasema kwamba kabla hajaenda angependa kujua kilichomo kwenye kikapu. Efrazia hakungoja mtu amguse. Alikipindua mwenyewe juu ya kaunta: brashi saba, matambara, chupa ya tapentaini, kitumbua kimoja kwenye karatasi ambacho alimletea Zeeshan. Akauliza kama kuna cha kwao pale. Akarudisha kimoja kimoja, akaacha kitumbua, akatoka.

Zeeshan alinyamaza kwa sababu alijua swali la kwanza lingezaa la pili. Angesema, mimi ndiye niliyeituma. Wangeuliza, kwa ajili ya nani? Na hapo angelazimika kulitaja jina la Mkristo, mjukuu wa mkata mkonge, mbele ya mama mwenye vidonge vya moyo ndani ya mkoba. Aliona ni heri alisawazishe taratibu, kesho. Ila jioni ile Sanaa aliibeba picha halisi na nakala pamoja, akaondoka akiamini kaka yake alikuwa ameibiwa na tapeli mwenye sura nzuri, na Zeeshan akamwacha aamini.

Korogwe na Handeni hazina umbali kwa maneno. Jumatatu ilipofika, Chanika walikuwa wameshasikia kuwa Efrazia hubadilisha picha za watu. Shule moja ya watoto wadogo iliyokuwa imekubaliana naye achore wanyama ukutani ilimwambia imepata fundi mwingine. Zeeshan alipiga simu mara kumi na nne. Mara ya kumi na tano akakuta ameshafungiwa.

Efrazia aliirudia miezi yote kichwani: chai ya iliki, rangi za tyubu, fimbo ya mita, lile ombi la nakala. Akaona kwamba kila kitu kilikuwa kinaelekea siku ile. Mwanamume alihitaji nakala ya kuwadanganyia ndugu zake, akapata mjinga wa kuichora, akamlipa kwa maneno matamu. Haikuwa kweli, lakini ilifanana na kweli kwa kila upande. Hakulia mbele ya watu. Alikwenda kazini kwa wale wachache waliobaki, akarudi, akapika chakula cha mtu mmoja, akala huku simu imelala kimya kando ya sahani. Kitu kilichomuuma zaidi alikuwa anaona aibu kukikiri: alimkumbuka hata huyo mwongo.

Mwezi wa tisa, Alhamisi moja, mwili wake uliamka mapema kwa mazoea. Akachukua fremu, akapanda basi hadi Korogwe. Hakupita mtaa wa duka. Alivuka reli, akatelemka mtoni, akatembea kufuata ukingo mpaka milima ikapangana kama alivyoijua. Alipata pale aliposimama Mwalimu Eliasi.

Kisha akaona kitu ambacho hakikuwemo kwenye picha. Upande wa kushoto, pale ambapo mwalimu aliweka vichaka, palikuwa na kambi ya zamani ya wakata mkonge, nyumba za matofali zimejipanga mistari, nyingine hazina paa. Zilikuwa nyumba za zamani kuliko picha yenyewe. Babu yake aliishi mojawapo. Labda Hassanali hakuzitaka, labda mwalimu aliona zinaharibu utulivu wa mto. Efrazia alikuwa amevinakili vichaka vile jani kwa jani, wiki baada ya wiki, akishukuru kila jani.

Akaanza upya. Hapakuwa na nyuzi wala vyumba vya kuhesabu. Ndani ya picha ya dukani mwanga ulikuwa umesimama mahali pamoja zaidi ya miaka hamsini. Hapa ulihama kabla hajachanganya rangi, kivuli cha ukuta kikarefuka, wingu likafunika mlima wote. Siku ya kwanza alirudi na kitambaa kilichovurugika. Ya pili vilevile. Lakini mkono wake ulikuwa umebaki na mambo ya mwalimu. Hakuugusa weusi, na mlima ulipoelekea kuwa beseni, mkono ulijizuia wenyewe. Aliizoea ile kazi kama mtu anavyozoea kusali peke yake. Watu waliopita walimwamkia, akaitikia, wakapita.

Dukani, Zeeshan alibaki na msumari na sehemu ya ukuta iliyokuwa nyeupe kuliko kuta nyingine. Bi Zamda alimsalimia asubuhi, basi. Siku moja Zeeshan alimuuliza kama amemkosea. Bi Zamda alikuwa anafumua kola ya shati.

"Mwanangu," alisema, "mimi nikikosea kipimo, nafumua mbele ya mwenye nguo. Sifumui nikiwa peke yangu halafu nikamwambia imekaa vizuri."

Ijumaa iliyofuata Zeeshan alikuwa Dar. Baada ya chakula cha mchana, wajomba wakiwa bado mezani, alisema yote: nani aliyeituma nakala, kwa nini, na kwamba msichana yule hakujua lolote. Akalitaja jina lake, na dini yake, na akasema kwamba anampenda. Sanaa alijifunika uso kwa viganja. Mama yao alisukuma sahani yake kando.

"Mawingu yale alichora yeye?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Umenidanganya kwa picha. Sasa unaniambia ukweli kwa ajili ya msichana. Kwa ajili yangu mimi, utaniambia ukweli lini?"

Mama alikataa kuitoa hata picha moja kati ya mbili zilizokuwa ukutani kwake, na akamwambia asimlete huyo Efrazia mbele yake kwa sasa. Zeeshan alirudi Korogwe mikono mitupu, na hali nzito ya mtu aliyefanya jambo sahihi akiwa amechelewa.

Jumamosi, duka likiwa limejaa, alipanda juu ya kigoda akawaeleza watu. Hakujipamba. Alisema mwizi wa jina la Efrazia ni yeye. Jioni Bi Zamda alimpigia simu Efrazia, akamhadithia neno kwa neno, hata jinsi muuza maji alivyoshusha ndoo asikilize. Efrazia alishukuru, akauliza bei ya kushonesha gauni, wakaagana. Alipokata simu alikaa kitandani mpaka maharage yakaungua.

Siku mbili baadaye Sanaa naye alipiga. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejifunza la kusema, kisha akasahau. "Ungekuwa mtu wa kwetu, nisingeuliza kilichomo ndani ya kikapu," alisema. "Hilo ndilo linalonikosesha raha." Efrazia alimjibu, "Nimesikia, dada."

Alhamisi ya wiki hiyo Zeeshan alimkuta mtoni. Bi Zamda alikuwa amemwelekeza njia. Alikuja kwa miguu, viatu vya dukani vimejaa vumbi, akasimama mbali kidogo. Efrazia alimwona, akaendelea na paa la nyumba ya tatu.

"Nimeshawaambia," Zeeshan alisema.

"Najua."

"Sijui niseme nini kingine. Nilikuwa na hofu. Nilidhani picha ikienda na wewe utakwenda."

"Kwa hiyo siku ile uliitetea picha, ukaniacha mimi niende."

Zeeshan aliinamisha kichwa. Maji yalipita. Efrazia aliweka brashi chini, akamgeukia kwa mara ya kwanza.

"Zishani, sikutaka unitetee kwa sababu unanipenda. Nilitaka useme kilichotokea. Hata kama ningekuwa mpita njia, ningestahili hilo."

"Ni kweli."

"Usikubali haraka. Ulikubali haraka tangu siku ya kwanza."

"Basi nitakubali polepole," alisema. "Efra, naomba nikae hapa. Sitasema kitu."

Efrazia alitafakari. Hasira yake ilikuwa bado ipo, alijipapasa akaikuta. Lakini kando yake alikuta kitu kingine kilichochoka kukaa peke yake. Akamwonyesha jiwe la kukalia, akamwambia asizuie mwanga.

Alikaa kweli, na hakusema kitu mpaka jua lilipofika juu ya reli. Aliiangalia picha, akaziona nyumba. Akauliza ni za nani. Efrazia akamweleza. Zeeshan alisema kwamba babu yake alikaa mtoni pale kila Jumapili kwa miaka mingi. Lazima alikuwa anaziona.

Hawakurudiana siku hiyo, wala mwezi huo. Efrazia alimfungulia simu kwanza. Kisha akaanza kupokea. Alikuwa akimjibu maneno mawili, akaja kumjibu kumi. Kila wiki Zeeshan alifunga duka nusu siku akaja kukaa juu ya jiwe. Picha ya mto yenye nyumba za kambi ilinunuliwa na mwalimu mkuu mmoja wa Handeni aliyezaliwa katika kambi kama ile. Alisimama mbele yake akataja majina ya majirani waliokufa.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeanza, Zeeshan alikwenda Sindeni na Bi Zamda kama mshenga, jambo ambalo watu walilizungumza sana. Alivaa kanzu, ikaloa matope mpaka magotini. Alimwamkia Mama Emiliana shikamoo, akakaa kwenye mkeka. Mama Emiliana alimsikiliza mshenga hadi mwisho, kisha akamgeukia mwenyewe.

"Watoto mtawafundisha sala gani?"

"Mama, hatujui," Zeeshan alijibu. "Tumelizungumza mara nyingi. Tumekubaliana kwamba mimi sitamwomba abadili, naye hataniomba."

"Na nyumbani kwenu?"

"Nyumbani kwetu hawajakubali."

Mama Emiliana aliangalia mvua. Alisema kwamba angependelea jibu tamu, lakini la kweli linamtosha. Efrazia, aliyekuwa jikoni akisikiliza kila neno, aliulizwa. Alitoka na mikono yenye unga, akasema ndiyo, akarudi kuusonga ugali kwa sababu ulikuwa unashika chini.

Walikubaliana kuoana bomani, Korogwe. Tangazo la ndoa lilibandikwa siku ishirini na moja, na kila siku Zeeshan alipita kulisoma kana kwamba lingeweza kubadilika. Hakuna aliyeleta pingamizi. Asubuhi ya siku yenyewe alimpigia mama yake. Mama aliongea habari za dawa, za joto la Dar, za umeme uliokatika. Zeeshan alimwambia kwamba saa tano anafunga ndoa. Mama akasema, "Haya, mwanangu," simu ikakatika. Sanaa alituma ujumbe kwamba angekuja. Saa nne akatuma mwingine kwamba mama amezidiwa, hawezi kumwacha.

Chumba cha bomani kilikuwa na meza, bendera, na mabenchi mawili yanayotazamana. Benchi la kulia walikaa watu wa Efrazia: mama yake katika kitenge kipya cha kijani, kaka yake Ponsiano na mkewe, shangazi wawili kutoka Sindeni, jirani wa Chanika. Walibanana mpaka shangazi mmoja alikaa nusu. Bi Zamda na Ponsiano ndio walioandikwa kuwa mashahidi, na Bi Zamda alikuwa amesimama mezani na kitambulisho chake. Efrazia alivaa gauni jeupe la pamba alilolishona Bi Zamda, bila mapambo. Zeeshan alivaa suti ya kijivu ya marehemu baba yake, ikimbana kwapani. Alisimama peke yake mbele ya benchi la kushoto. Benchi lilikuwa tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Karani aliuliza kama waanze au kuna watu wa bwana harusi wanaosubiriwa. Zeeshan aliangalia mlango. Alisema waanze.

Mama Emiliana akainuka. Aliushika mkoba wake, akavuka chumba polepole, akaketi kwenye benchi la kushoto, katikati, mahali anapoketi mama wa bwana harusi. Efrazia alimwita kwa mshangao, akamwambia amekosea upande.

"Sijakosea," mama yake alisema, akijitandaza kitenge magotini. "Wewe una watu. Karani, endelea."

Karani akafungua kitabu. Zeeshan alipoulizwa jina lake kamili alishindwa kulitaja mara ya kwanza, wakamngoja.